Kioo kinachoshikana na mfupa: hesabu ya moli nyuma ya mchanganyiko

Weka mezani unga wa kioo cha dirisha na unga wa kioo kiitwacho 45S5, na hutaweza kuutofautisha kwa macho. Wote ni mweupe, na wote asili yake ni mchanga, magadi na chokaa. Ukiupandikiza mwilini ndipo njia zinapoachana. Kioo cha dirisha mwili hukizungushia utando wa kovu na kukitenga, kama unavyotenga kitu chochote kigeni. 45S5 huanza kuachia ioni zake ndani ya dakika chache, hujivika tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa, kisha hushikana na mfupa kiasi kwamba ukivuta, kinachovunjika mara nyingi ni kioo chenyewe au mfupa, si pale vilipoungana. Ndiyo maana vioo vya jamii hii huitwa amilifu.

Larry Hench na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida ndio waliotengeneza mchanganyiko huo mwaka 1969. Kwa uzani una silika (SiO₂) asilimia 45, oksidi ya sodiamu (Na₂O) 24.5, oksidi ya kalsiamu (CaO) 24.5 na oksidi ya fosforasi (P₂O₅) 6. Tangu hapo ukoo umepanuka. Kuna S53P4 ya Turku, Ufini, yenye silika 53, sodiamu 23, kalsiamu 20 na fosforasi 4. Kuna 13-93, ambayo sehemu kubwa ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu na magnesiamu. Kuna vile ambavyo silika imeondolewa kabisa na boroni kukalia kiti chake.

Anayeingia kwenye fani hii hukariri asilimia hizo za uzani, na kosa la kwanza huanzia hapohapo. Kioo hakijui gramu, kinajua idadi ya atomu. Hesabu zote zenye maana hufanywa kwa moli, kipimo kinachohesabu chembe badala ya kupima uzani. Kwa asilimia za moli, 45S5 ina silika 46.1, Na₂O 24.4, CaO 26.9 na P₂O₅ 2.6.

Silikoni na mikono yake minne

Ndani ya kioo cha silika, kila atomu ya silikoni imeshika oksijeni nne. Oksijeni iliyoshikwa na silikoni mbili, moja kila upande, ni daraja. Katika silika tupu mikono yote minne ni madaraja, na ndiyo sababu kitu hicho hakiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kuhesabika na huhitaji joto kali mno kuyeyushwa.

Tia Na₂O. Oksijeni yake moja huingia kwenye mtandao na kukata daraja moja, ambalo sasa linakuwa ncha mbili zilizo wazi. Kila ncha ina chaji hasi, na kila moja hutulizwa na ioni moja ya sodiamu. CaO nayo hufanya kazi ileile, kwani nayo huleta oksijeni moja na kukata daraja moja. Tofauti ni kwamba ioni ya kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo hutuliza ncha mbili peke yake na kuzifunga pamoja kwa namna fulani, ingawa kwa udhaifu kuliko daraja lenyewe. Kwa hesabu ya madaraja, moli moja ya Na₂O na moli moja ya CaO ni sawa kabisa. Kwa tabia hazilingani, na tutalirudia hilo.

Wastani wa madaraja kwa kila silikoni ndio tunaouita kiwango cha muungano. Ukiwa 4, una silika tupu. Ukiwa 2, silikoni zimepangana kama minyororo, kila moja imeshika ya mbele na ya nyuma. Chini ya 2 minyororo inakatika vipandevipande, na mchanganyiko huwa mwepesi wa kugeuka fuwele unapopoa badala ya kubaki kioo.

Fosforasi ndiyo iliyowapotosha watu kwa muda mrefu. Jina lake liko kwenye orodha ya oksidi zinazojenga kioo, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba imejishona ndani ya mtandao wa silika. Vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini vilionyesha vingine: katika vioo vya aina hii karibu fosforasi yote hukaa peke yake kama fosfeti (PO₄³⁻), nje ya mtandao, imezungukwa na sodiamu na kalsiamu. Kila fosfeti ina chaji hasi tatu, na chaji hizo lazima zitulizwe na ioni zilezile ambazo zingekuwa zinakata madaraja. Yaani kila P₂O₅ moja hupora oksidi tatu za sodiamu au kalsiamu kutoka kwa silika. Hapo ndipo inapotoka kanuni hii, yenye alama za moli:

kiwango cha muungano = (4 × SiO₂ − 2 × oksidi zote za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu + 6 × P₂O₅) ÷ SiO₂

Ijaribu kwa 45S5: 4 × 46.1 ni 184.4, toa 2 × 51.3, yaani 102.6, jumlisha 6 × 2.6, yaani 15.6. Unapata 97.4, ukigawa kwa 46.1 ni 2.11. Minyororo mirefu, yenye kiungo cha pembeni hapa na pale. S53P4 inatoka 2.54. 13-93, ukihesabu magnesiamu yote kama mkataji wa madaraja, inatoka 2.59. Kioo cha kawaida cha dirisha kiko karibu 3.2. Mpangilio huo wa namba ndio mpangilio wa kasi pia: 45S5 hujenga tabaka la apatiti, yale madini yanayofanana na ya mfupa, ndani ya siku moja hivi kwenye maji ya majaribio yanayoiga plazma ya damu, S53P4 huchukua siku kadhaa, 13-93 hukaribia wiki, na kioo cha dirisha unaweza kukisubiri mpaka uchoke. Kwa vioo vilivyotengenezwa kwa kuyeyushwa, silika ikizidi moli 60 hivi katika 100, kushikana na mfupa hakupo tena.

Pale hesabu ya gramu inapodanganya

Chukua strontiamu. Ni ioni inayopendwa kwa sababu huchochea seli zinazojenga mfupa na kupunguza kasi ya zile zinazoula, na kikemia ni jirani wa kalsiamu. Mtu anataka kuiweka kwenye 45S5, basi anaondoa gramu 24.5 za CaO na kuweka gramu 24.5 za oksidi ya strontiamu (SrO). Kwenye karatasi inaonekana ni badala kwa badala.

Sasa pima kwa moli. CaO ina gramu 56.08 kwa moli, SrO ina 103.62. Gramu 24.5 za CaO ni moli 0.437, gramu hizohizo za SrO ni moli 0.236 tu. Amepunguza wakataji wa madaraja karibu nusu ya sehemu ile bila kukusudia, na kiwango cha muungano kimepanda kutoka 2.11 hadi 2.65, juu hata ya 13-93. Kioo kitayeyuka polepole, apatiti itachelewa, na mtafiti ataandika kwamba strontiamu huua uamilifu. Iliyouua ni mizani. Ukibadilisha moli kwa moli, kiwango cha muungano hakibadiliki, na kwa kuwa ioni ya strontiamu ni kubwa kidogo kuliko ya kalsiamu, mtandao hulegea na kioo huyeyuka kwa kasi zaidi kidogo. Matokeo yamepinduka kabisa, na elementi ni ileile.

Fosfeti nayo ina mtego wake. Inajulikana kuwa fosfeti nyingi zaidi ndani ya kioo husaidia apatiti kutokea mapema, kwani huachiwa haraka na huwa malighafi iliyo karibu. Lakini ukiipandisha P₂O₅ kutoka moli 2.6 hadi 5 kwa kupunguza silika pekee, fosfeti mpya zitapora sodiamu na kalsiamu, na muungano utapanda hadi 2.34. Umeongeza malighafi na wakati huohuo umefunga mlango wa ghala. Ili ubaki kwenye 2.11, lazima wakataji wa madaraja wapande kutoka 51.3 hadi karibu 53.9 na silika ishuke hadi 41.1. Hapo tu ndipo unaweza kusema unapima athari ya fosfeti.

Kinachotokea juu ya uso wa kioo

Kioo kikilowa, sodiamu ndiyo hutoka kwanza, nafasi yake ikichukuliwa na haidrojeni kutoka kwenye maji. Kwa kuwa haidrojeni inaondoka kwenye maji, pH inapanda. Mazingira hayo ya alkali hushambulia madaraja yaliyobaki, silika kidogo huyeyuka kama asidi ya silisiki, na ncha zilizobaki hujiunga upya na kutengeneza utando wa jeli ya silika yenye vitundu. Kalsiamu na fosfeti hupita ndani ya jeli hiyo, hukutana na nyingine zilizomo kwenye maji ya mwili, na kutuama juu yake kama fosfeti ya kalsiamu isiyo na umbo la fuwele. Baadaye tabaka hilo hupokea kabonati na haidroksili na kugeuka fuwele za apatiti, ndugu wa madini ya mfupa. Protini hujibandika humo, kolajeni hushikwa, seli hufika.

Ukiufuata mlolongo huu, kila chaguo la mchanganyiko linapata maana. Sodiamu nyingi ni mwanzo wa kasi na pH ya juu. S53P4 hutumika kujaza matundu ya mfupa uliooza kwa bakteria, na silaha yake haina dawa yoyote ndani yake: ni pH kupanda na chumvi kuongezeka kwenye maji yaliyobanwa kati ya punje. Kwa kazi kama hiyo sodiamu ni rafiki. Kwa seli changa kwenye sahani ya maabara inaweza kuwa adui, na ndiyo maana wapo wanaotengeneza vioo visivyo na sodiamu kabisa, kalsiamu ikibeba mzigo wote. Muungano ukiwa uleule, kioo cha kalsiamu tupu hushikamana zaidi na huachia ioni taratibu zaidi, kwa sababu ya ule ufungaji wa ncha mbili kwa ioni moja.

Magnesiamu na zinki ni vigeugeu. Sehemu ya magnesiamu hukata madaraja kama kalsiamu, sehemu nyingine huweza kujiunga na mtandao. Kwa hiyo ile 2.59 ya 13-93 ni makadirio, si kipimo. Zinki hupenda kukaa katikati ya oksijeni nne kama silikoni, hivyo huimarisha mtandao na kuchelewesha kuyeyuka. Kidogo chake husaidia seli na kuzuia bakteria. Kikizidi, apatiti huzuiwa na seli hufa. Shaba na kobalti, zinazowekwa ili kuchochea mishipa mipya ya damu, zinakwenda kwa sheria hiyohiyo ya kipimo kidogo, na kobalti inastahili woga zaidi.

Floraidi ni kisa cha pekee, hasa kwa meno. Haijifungi kwenye silikoni. Hukaa na kalsiamu, kwa hiyo ukiongeza floraidi ya kalsiamu (CaF₂) bila kugusa uwiano wa oksidi nyingine, muungano unabaki palepale, huku joto la kulainika likishuka. Faida yake ni kwamba tabaka linalojengeka ni floroapatiti, inayostahimili asidi ya kinywani kuliko apatiti ya kawaida. Ikizidi, badala ya floroapatiti utaona fuwele za floraidi ya kalsiamu, ambazo zimejichukulia kalsiamu uliyoikusudia kazi nyingine. Kosa la kawaida ni kuondoa CaO na kuweka CaF₂ mahali pake: floraidi haina oksijeni ya kukata daraja, kwa hiyo muungano unapanda.

Aluminiamu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Huingia kwenye mtandao kama kiungo kamili, hutumia sodiamu kutuliza chaji yake mwenyewe, na asilimia chache tu za alumina (oksidi yake) kwa uzani hutosha kukinyima kioo uwezo wa kushikana na mfupa. Mara nyingi hakuna aliyeiweka kwa kusudi. Imetoka kwenye chungu.

Kwenye tanuri

Kwa gramu 100 za 45S5, kichanganyiko kinachofanya kazi vizuri ni silika gramu 45.0, kabonati ya sodiamu 41.9, kabonati ya kalsiamu 35.3 na fosfeti hidrojeni ya kalsiamu (CaHPO₄) isiyo na maji 11.5. Jumla ni gramu 133.7. Gramu 33.7 huondoka kama gesi ya kaboni dioksidi na mvuke kidogo, na ni busara kupima uzito kabla na baada. Ukipoteza zaidi ya hapo, ama malighafi ilikuwa na unyevu au sodiamu imepaa. P₂O₅ tupu usiitumie: hunyonya maji ya hewani kwa ukali na hupaa kabla haijaingia kwenye kioo. Kabonati ya sodiamu nayo huvuta unyevu kimyakimya, hivyo ikaushe kwanza kwenye oveni. Ukiipima ikiwa na unyevu, sodiamu yako ni pungufu na hutajua.

Chungu kiwe cha platinamu. Chungu cha alumina ni rahisi kupatikana, lakini kimiminika hiki chenye sodiamu nyingi hula kuta zake, na aluminiamu inaingia pasipo mwaliko. Hali ni hiyohiyo kwa mipira ya alumina kwenye kinu cha kusagia. Jaza chungu nusu tu, maana kabonati zikioza hutoa povu linaloweza kumwagika, na pandisha joto polepole katika hatua hiyo. Kuyeyusha kwenyewe hufanyika kati ya nyuzi 1350 na 1450 za Selsiasi kwa saa moja hadi kadhaa. Muda mrefu huleta usawa wa mchanganyiko lakini huruhusu sodiamu na fosforasi kupaa. Wengine humwaga, husaga na kuyeyusha mara ya pili badala ya kurefusha mara ya kwanza.

Kumwaga kwenye maji hupasua kioo kuwa chenga zilizo rahisi kusaga. Lakini hiki ni kioo kinachopenda maji, na kila dakika kinachokaa humo kinapoteza sodiamu ya juu. Kitoe upesi, kisuuze kwa ethanoli, kikaushe. Hata unga uliokwisha kusagwa huzeeka kwenye hewa yenye unyevu: uso wake huota kabonati, na mwezi mmoja baadaye unapima kitu kingine. Uweke kwenye chombo kikavu kilichozibwa.

Ukubwa wa punje si jambo la pembeni. Unga uliopita kwenye chekeche la mikromita 45 na chenga za milimita moja za kioo kilekile hazifanani kwa kasi hata kidogo, kwa kuwa kinachofanya kazi ni eneo la uso. Anayelinganisha michanganyiko miwili bila kulinganisha ukubwa wa punje hajalinganisha chochote.

Tatizo kubwa la 45S5 huja pale mtu anapotaka kiunzi chenye vitundu badala ya unga. Ili punje zigandane, lazima kioo kilainike na kutiririka kidogo juu ya joto la kulainika, ambalo kwa 45S5 liko karibu nyuzi 540. Lakini kwa muungano wa 2.11 minyororo hujipanga kwa urahisi, na fuwele za silikati ya sodiamu na kalsiamu huanza kuota kabla punje hazijatiririka vya kutosha. Mnato unapanda, mgandano unasimama, kiunzi kinakuwa dhaifu. Ukipandisha joto hadi nyuzi 1000 hivi kiunzi kinakaza, ila sasa kimejaa fuwele. Apatiti bado hutokea juu yake, kwa kuchelewa.

Hapo ndipo 13-93 inapopata sababu ya kuwepo. Sodiamu na potasiamu zikichanganywa, ioni za ukubwa tofauti husumbuana na fuwele hupata shida kujipanga; magnesiamu husaidia; silika zaidi huongeza mnato. Nafasi kati ya kulainika na kuota kwa fuwele inapanuka, na unaweza kugandanisha punje karibu nyuzi 700 ukabaki na kioo, au kuvuta nyuzinyuzi. Bei yake tumeshaiona: wiki badala ya siku. Maoni yangu ni kwamba wengi huhangaika na ratiba ya tanuri kwa miezi wakati dawa iko kwenye mizani ya malighafi.

Njia ya jeli

Kuna njia isiyoyeyusha kitu. Kiunganishi cha silikoni kiitwacho TEOS huchanganywa na maji yenye asidi ya nitriki kidogo, fosfeti na nitrati ya kalsiamu huongezwa, mchanganyiko huganda kuwa jeli, huzeeshwa siku 3 kwenye nyuzi 60, hukaushwa karibu nyuzi 130, kisha huokwa kati ya nyuzi 600 na 700. Kioo maarufu cha aina hii, 58S, kina silika moli 60, kalsiamu 36 na fosforasi 4, bila sodiamu. 70S30C ni silika 70 na kalsiamu 30 basi.

Kwa kanuni ya juu, silika 70 ni nyingi mno. Lakini kioo cha jeli huwa amilifu hata silika ikikaribia moli 90. Sababu ni mbili. Kwanza, jeli ina vitundu vya nanomita, na eneo lake la uso huzidi mita za mraba 100 kwa gramu, wakati unga wa kuyeyusha una chache tu. Pili, madaraja mengi hayakuwahi kujengwa, kwani mahali pake kuna haidroksili (OH), na haidrojeni inafanya kazi ya kukata madaraja ambayo hatukuihesabu. Kwa hiyo usitumie kanuni ya muungano kwa kioo cha jeli kana kwamba ni cha kuyeyusha.

Uharibifu hapa huja kwenye kalsiamu. Nitrati yake haiingii kwenye mtandao wakati wa kuganda. Hubaki kwenye maji ya vitundu, na wakati wa kukausha hujipaka juu ya punje. Mpaka joto lipite nyuzi 400 ndipo huanza kupenya ndani. Ukioka kwa joto dogo, unabaki na nitrati yenye sumu kwa seli na kalsiamu inayonawa yote kwa mkupuo mmoja.

Silika ikiondoka kabisa

Badilisha silika yote ya 13-93 kwa oksidi ya boroni (B₂O₃), moli kwa moli, unapata 13-93B3. Boroni hushika oksijeni tatu au nne kutegemea mazingira, na mtandao wake hushambuliwa na maji kwa urahisi. Hakuna jeli ya silika inayobaki kuwa kizuizi. Borati, yaani boroni iliyoshikana na oksijeni, huyeyuka na kwenda, na kioo hugeuka apatiti kutoka nje kuelekea ndani mpaka kiishe. Vioo vya silikati mara nyingi hukwama njiani, vikiwa na kiini ambacho hakijageuka. Nyuzi za borati, laini kama pamba, zinatumika kwenye vidonda vigumu kupona. Ukitaka kasi ya kati, badilisha theluthi moja au mbili tu za silika. Vioo vya fosfeti tupu ni ulimwengu mwingine: huyeyuka vyote kwa usawa, kwa saa au miezi kutegemea kalsiamu, chuma au titaniamu iliyomo, na si lazima vijenge apatiti.

Kupima bila kujidanganya

Jaribio la kwanza ni kuzamisha kioo kwenye maji yanayoiga plazma ya damu, yaliyoasisiwa na Kokubo wa Kyoto: kalsiamu milimoli 2.5 na fosfeti milimoli 1.0 kwa lita, pH 7.40, nyuzi 36.5. Uwiano unaopendekezwa kwa unga ni miligramu 75 kwa mililita 50. Hiyo si namba ya kupuuzwa. Mililita 50 zina milimoli 0.05 tu za fosfeti. Miligramu 75 za 45S5 zina milimoli 0.063 zaidi. Kioo kisicho na fosfeti kama 70S30C kinategemea ile 0.05 peke yake, inayotosha miligramu 8 hivi za apatiti, basi. Ukitia gramu nzima, kalsiamu inafurika, pH inaruka, fosfeti inaisha, na kinachotuama ni kabonati ya kalsiamu. Mtu anaona chenga nyeupe kwenye hadubini na kuita apatiti. Thibitisha kwa mionzi ya eksirei, ambako vilima vipana huonekana kwenye pembe (2θ) za nyuzi 25.9 na 31.8, na kwa mwanga wa infraredi, ambako kilima kimoja karibu 570 cm⁻¹ hugawanyika kuwa viwili, karibu 560 na 600 cm⁻¹, fosfeti inapogeuka fuwele.

Kwenye seli mambo hugeuka tena. Silikoni iliyoyeyuka ya sehemu 17 hadi 20 na kalsiamu ya sehemu 88 hadi 100 kwa milioni ndivyo viwango vinavyotajwa sana kuamsha jeni za ujenzi wa mfupa. Sahani iliyotulia haina damu ya kubeba ioni za ziada, kwa hiyo unga wa 45S5 unaweza kupitisha pH 8 kwa urahisi, na borati inaweza kurundika boroni mpaka seli zife, ilhali kioo hichohicho kwenye maji yanayozunguka hakiziui. Wengi hukiloweka kioo kwanza siku moja au mbili na kumwaga maji ya mwanzo. Seli zitapona, ila mlipuko wa kwanza wa ioni umekwenda na maji hayo, na kama ndio uliotaka kuupima, utalazimika kutumia maji yaliyolowekwa kioo kisha yakachujwa, yakiwa na pH iliyorekebishwa na viwango vya ioni vilivyopimwa kabla ya kugusa seli.